Fumbo la Mhazini Ndani ya Stoo

CHAMA CHA WAFUMBUZI WA MAFUMBO
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAWAIDA

Tarehe: Jumamosi ya pili ya mwezi, kuanzia saa tisa alasiri
Mahali: Karakana ya Fundi Vitasa, upande wa dirishani, ambao ni wa Fundi Cherehani

WALIOHUDHURIA
1. Karani mstaafu wa posta – Mwenyekiti
2. Kinyozi – Mjumbe
3. Muuguzi – Mjumbe (alitoka zamu ya usiku, alihudhuria akiwa macho kwa vipindi)
4. Fundi Vitasa – Mhazini (alihudhuria kikao chote, sehemu kubwa akiwa stoo)
5. Fundi Cherehani – Katibu, ambaye pia ni mke wa Mhazini

MGENI
Shangazi wa Mwenyekiti

ASIYEHUDHURIA KWA UDHURU
Dereva wa Teksi. Alituma ujumbe kwamba bado analifikiria fumbo la mwezi uliopita na asisumbuliwe.

KUMB. NA. 1: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa kugonga meza na nyundo ya Mhazini, ingawa alikwisha kuombwa mara nyingi atumie kiganja. Alimtambulisha mgeni, shangazi yake, akasema amekuja kuona mambo makubwa yanayomtoa mpwa wake nyumbani kila Jumamosi ya pili. Shangazi alisema amekuja kwa sababu aliambiwa kuna chai.

Kwa faida ya mgeni, Mwenyekiti alieleza kanuni. Kila mwezi mjumbe mmoja hutunga fumbo la maneno na kulijaza mambo ya kupoteza watu, ambayo Chama huyaita magugu. Kazi ya kwanza ya wajumbe ni palizi: kila jambo lililotajwa hupigiwa kura, na likionekana kuwa gugu hung'olewa na haliruhusiwi kurudi. Baada ya palizi huja maswali. Mtungaji hujibu kwa “ndiyo”, “hapana” au “haihusu”, basi. Mjumbe atakayelipata jibu kabla ya wenzake atasema “ninalo” na kunyamaza, asije akawaharibia raha. Anaruhusiwa kuuliza maswali ya kuwaelekeza wenzake, mradi asifichue.

Shangazi aliuliza kama watu hawa wote wana kazi zao nyumbani. Mwenyekiti alisema swali hilo litajibiwa chini ya Mengineyo. Ajenda ya Mengineyo haikufikiwa.

KUMB. NA. 2: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Katibu alizisoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Alipofika kwenye maneno “Mhazini aliwasimulia wajumbe jinsi mke wake alivyopigana na mlango wa stoo mchana kutwa akashindwa, wajumbe wakacheka,” aliomba yarekebishwe kwa kuongeza “isipokuwa Katibu”.

Mhazini alisema, “Ulikuwa utani tu.” Katibu aliuliza utani huo ulikuwa wa nani na nani. Mwenyekiti alikumbusha kwamba mazungumzo yote hupitia kwa Mwenyekiti. Mhazini alimwambia Mwenyekiti kwamba ulikuwa utani tu. Katibu alimwambia Mwenyekiti kwamba amesikia.

Muuguzi alisema naye hakucheka siku hiyo, kwa kuwa alikuwa amelala. Sentensi sasa inasomeka: “Wajumbe walicheka, isipokuwa Katibu, na Muuguzi aliyekuwa amelala.”

Shangazi aliomba aelezwe mkasa wenyewe, na Katibu alieleza kwa ufupi kadiri alivyoweza. Mkono wa ndani wa kitasa cha stoo ulitoka tangu mwanzo wa mwaka. Kwa hiyo mlango ukijifunga, aliye ndani hana cha kushika, hadi aliye nje anyonge mkono. Mhazini, ambaye ameitengeneza milango ya mtaa mzima, aliambiwa jambo hilo asubuhi, mchana na jioni, na kila mara alijibu “kesho”. Siku moja Katibu aliingia stoo kuchukua uzi na vifungo, upepo ukasukuma mlango. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Bibi harusi mmoja alikuja kupimwa gauni, akakuta cherehani haina fundi, akachukua kitambaa chake akaenda kwa fundi mwingine, na Katibu alimsikia akiondoka. Mhazini aliporudi jioni alifungua mlango, akamwona mke wake amekaa juu ya gunia la vitasa vibovu, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema, “Kitasa hakina kosa. Wewe tu huna subira.”

Na hakutosheka, akaja kuyasimulia hapa.

Mwenyekiti alisema huo ni ufupi wa ajabu, na kwamba mambo ya nyumbani yana mahali pake. Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3: YATOKANAYO

Fumbo la mwezi uliopita, lililotungwa na Muuguzi, lilikuwa hili: mwanamke mrefu mwenye viatu vyekundu alinunua mkate siku ya mvua kubwa. Alikuwa na mwavuli wa kaka yake, hakuufungua hata mara moja, na bado alifika kwake mkavu, hata unyayo haukulowa. Aliwezaje?

Katibu alitoa jibu: mwanamke huyo anaishi ghorofa ya juu ya duka hilohilo la mkate, akashuka kwa ngazi ya ndani na kupanda kwa ngazi ya ndani. Urefu, viatu, mwavuli na kaka yote yalikuwa magugu. Muuguzi alithibitisha.

Kinyozi aliomba irekodiwe kwamba jibu lake la mwezi uliopita, yaani mapacha, nalo linawezekana: pacha mmoja aliloa, mwingine akabaki mkavu. Imerekodiwa. Ikumbukwe kwamba Kinyozi amejibu “mapacha” katika kila fumbo tangu Chama kianzishwe, likiwemo la kisima.

Wajumbe waliulizwa ni nani atampelekea jibu Dereva wa Teksi. Ilionekana ni vema aachwe, kwa kuwa amechangamka sana siku hizi.

KUMB. NA. 4: TAARIFA YA KATIBU

Katibu alikiarifu kikao kwamba ataondoka kwa basi la jioni kwenda kwa dada yake, na kwamba mfuko wake umekwisha kufungwa na uko chini ya cherehani. Aliomba apatikane Kaimu Katibu.

Kinyozi aliuliza atakaa huko muda gani. Katibu alijibu kwamba dada yake ana vyumba viwili na milango yake inafunguka pande zote mbili.

Mwenyekiti alimtazama Mhazini. Mhazini aliitazama bisibisi yake, akaifuta kwa kitambaa, akaifuta tena, akasema, “Ataenda, atarudi.” Muuguzi alisikika akisema, “Mungu wangu, huyu mwanamume.” Mwenyekiti alisema maneno hayo yasiandikwe, lakini alichelewa.

Katibu anaweka wazi, kwa kuwa kumbukumbu ni za kweli ama si kumbukumbu, kwamba hakutaka kwenda kwa dada yake. Dada yake anakoroma. Alichotaka ni kuombwa asiende, na mtu aliyetakiwa kumwomba alikuwa anafuta bisibisi.

Uteuzi wa Kaimu Katibu uliahirishwa hadi fumbo liishe. Wakati huo ilionekana kwamba Shangazi amekalia debe la rangi na ameanza kuinamia upande. Mwenyekiti alimwomba Mhazini akalete kigoda stoo. Mhazini alikwenda haraka kuliko kawaida yake, kama mtu aliyefurahi kupata shughuli. Mlango wa stoo ulisikika ukijibamiza.

KUMB. NA. 5: FUMBO LA MWEZI

5.1 Mwenyekiti alitangaza kwamba zamu ya kutunga ni ya Mhazini. Aliwakumbusha wajumbe kwamba mafumbo ya Mhazini yamekuwa yakilalamikiwa kwa wepesi. La mwisho, la mtu aliyeloa kwa sababu ya kunyeshewa, lilifumbuliwa kabla hajamaliza kulisoma. Hata hivyo Mhazini alikwisha kuapa kwamba safari hii ataleta fumbo la kuwatoa wajumbe jasho. Mwenyekiti alimwita aje alisome.

5.2 Sauti ya Mhazini ilitoka nyuma ya mlango wa stoo: “Jamani. Mlango umejifunga. Nifungulieni.”

Wajumbe walitazamana. Kinyozi alisema, “Aisee, ameanza.” Mwenyekiti alisema hajawahi kuona mjumbe akilisoma fumbo akiwa ndani yake, na kwamba huu ndio ubunifu uliokuwa ukikosekana. Palipigwa makofi. Mhazini alisema asipigiwe makofi, afunguliwe. Makofi yaliongezeka.

5.3 Katibu alisema, “Ninalo.”

Mwenyekiti alimpongeza kwa kulipata jibu upesi kuliko mjumbe yeyote katika historia ya Chama, akamkumbusha kanuni ya kunyamaza. Katibu alisema anaiheshimu sana kanuni hiyo, akachukua sindano akaendelea kushona upindo. Nyuma ya mlango Mhazini alisikika akiliita jina ambalo humwita Katibu nyumbani wanapokuwa wawili tu. Halitaandikwa hapa.

5.4 Wajumbe walimtaka Mhazini ayataje mambo yote ya fumbo, ili palizi ianze. Mhazini alisema si fumbo. Mwenyekiti alisema kila mtungaji mzuri husema hivyo. Baada ya mabishano ambayo hayana faida kwa vizazi vijavyo, Mhazini alieleza yafuatayo: kwamba humo ndani kuna giza, kwamba mkono wa ndani wa kitasa haupo, kwamba kuna panya, kwamba ameshika kigoda, kwamba yeye ni fundi wa vitasa, kwamba zana zake zote ziko mezani mbele ya wajumbe, na kwamba mke wake yuko chumba hichohicho cha wajumbe, anajua mlango unavyofunguliwa, na anamsikia.

Palizi ilikwenda hivi.

Panya: aling'olewa kwa kauli moja. Mhazini alisema panya bado yupo.

Giza: lilibakizwa. Kinyozi alisema katika giza huwezi kuwatofautisha mapacha.

Kigoda: Mwenyekiti alihoji ni kwa nini mtu aliyefungiwa abebe kigoda. Muuguzi alisema, “Si umemtuma wewe mwenyewe?” Mwenyekiti alisema hapo ndipo ufundi wa mtungaji ulipo, kuchomeka kweli kidogo katikati ya uongo. Kigoda kiling'olewa.

Fundi wa vitasa: hapa palikuwa na mjadala mrefu. Kinyozi alisema fundi wa vitasa hawezi kufungiwa katika stoo yake mwenyewe, na kwamba hilo ni gugu la wazi hata kipofu analiona. Muuguzi alisema mganga hajigangi, na kwamba Kinyozi mwenyewe nywele zake zinatisha. Kinyozi alisema hajaja hapa kutukanwa. Mwenyekiti aliamua kwamba mtungaji ametia chumvi. Ufundi wa Mhazini uling'olewa kwa kura mbili kwa moja. Katibu aliomba irekodiwe kwamba, kwa maoni yake, ulikuwa umekwisha kung'oka tangu mwanzo wa mwaka.

Mke: Mwenyekiti alisema mke anayejua kufungua mlango, anayemsikia mume wake akiomba, na bado akaendelea na shughuli zake, hayupo duniani. Shangazi alisema, “Yupo. Mimi mwenyewe nimewahi kuwa yeye.” Mwenyekiti alisema, “Shangazi, kwa heshima zote, mgeni hana sauti.” Shangazi alisema amemwogesha Mwenyekiti tangu akiwa na meno mawili na sauti anayo. Kura zilipigwa. Mke aling'olewa kwa kura mbili kwa moja. Katibu ameandika uamuzi huo kwa mkono wake mwenyewe, na anaomba wasomaji wautazame mwandiko.

5.5 Baada ya palizi, kilichobaki cha fumbo kilisomwa na Mwenyekiti: “Kuna giza. Mkono wa kitasa haupo. Zana ziko mezani.” Wajumbe walikiri kwamba ni fumbo gumu.

5.6 Mhazini alianza kuupiga mlango. Muuguzi alisema anaifahamu sauti ya namna hiyo kazini kwake, na kwamba ni ya mtu aliyekwama kweli, akasimama kwenda kumfungulia. Mwenyekiti alimwamuru aketi. Alisema Muuguzi anataka kulifumbua fumbo kwa mikono badala ya akili, jambo ambalo halijawahi kutokea ndani ya Chama. Muuguzi alimtazama Katibu. Katibu alikata uzi kwa meno, akatikisa kichwa kidogo. Muuguzi aliketi, akasema, “Haya, nimeelewa,” na kuanzia hapo hakusinzia tena.

Mwenyekiti alimwonya Mhazini kwamba amevunja kanuni kwa kusema sentensi nzima nzima, na kwamba akirudia, fumbo litafutwa, kikao kitafungwa, na wajumbe wote watakwenda nyumbani.

Mhazini aliomba wasiende nyumbani. Kisha akanyamaza, akawa mtiifu.

5.7 Maswali yalianza.

Kinyozi aliuliza kama mtu huyo ni pacha. Hapana.

Mwenyekiti aliuliza kama mtu huyo yuko ndani ya jeneza. Hapana. Ndani ya lifti? Hapana. Ndani ya ndoto yake? Mhazini alichelewa kujibu, akasema hapana.

Kinyozi aliuliza kama mtu huyo anaye nduguye anayefanana naye sana lakini si pacha. Haihusu.

Muuguzi aliuliza kama mtu huyo ana jasho, kizunguzungu au maumivu ya kifua. Mhazini alisema ndiyo, hapana, ndiyo kidogo. Muuguzi alisema hatakufa.

Mwenyekiti aliuliza kama jibu lina uhusiano wowote na posta. Hapana. Mwenyekiti alionekana kuvunjika moyo.

5.8 Hapo Katibu aliweka upindo chini na kuomba nafasi ya kuuliza, kwa kanuni ya mwenye jibu kuwaelekeza wenzake. Aliruhusiwa. Alihama, akavuta kiti karibu na mlango wa stoo, na maswali na majibu yalikuwa kama ifuatavyo.

Aliuliza kama mtu huyo alikwisha kuambiwa kwamba kitasa ni kibovu. Mhazini alijibu: ndiyo.

Mara moja tu? Hapana.

Aliuliza kama mtu huyo aliwahi kusema kwamba kitasa hakina kosa. Ndiyo.

Aliuliza kama bado anasema hivyo. Hapana. Hapana lilisemwa mara kadhaa kwa sauti kubwa, na Mwenyekiti alikumbusha kwamba moja linatosha.

Aliuliza kama kuna mtu mwingine aliyewahi kufungiwa humo kabla yake.

Kinyozi alisimama kwa hoja ya utaratibu. Alisema Katibu anaingiza mtu mpya katika fumbo wakati palizi imekwisha kufungwa. Shangazi alimwambia Kinyozi, “Wewe kijana, kaa chini usikilize wenzako.” Kinyozi ana wajukuu, lakini aliketi.

Mhazini alijibu: ndiyo.

Katibu aliuliza kama mtu huyo wa kwanza alikaa humo muda mrefu kuliko huyu wa pili. Ndiyo.

Aliuliza kama huyu wa pili, katika huo muda wake mfupi, ameogopa. Panya alisikika kwanza, ingawa alikuwa amekwisha kung'olewa. Mhazini alijibu: ndiyo.

Aliuliza kama mtu wa kwanza alipokuwa humo ndani, akisikia watu wakipita na kazi yake ikiondoka, aliona kuna jambo la kuchekesha.

Mhazini alijibu: hapana. Kisha akaongeza neno ambalo haliruhusiwi na kanuni. Mwenyekiti hakulisikia kwa sababu lilisemwa chini, karibu na tundu la ufunguo, na Katibu ndiye aliyekuwa karibu na tundu la ufunguo.

Katibu alikuwa na maswali mengine, mazuri kuliko haya, aliyoyaandaa usiku baada ya usiku akiwa amelala akitazama ukuta. Aligundua kwamba hayataki tena. Hasira ilikuwapo bado, na kiasi ipo hata anapoandika, lakini ilikuwa imepungua ikawa hasira ya kawaida ya mtu aliyeolewa.

5.9 Mwenyekiti aliwauliza wajumbe kama maswali ya Katibu yamewasaidia. Kinyozi alisema yamemchanganya kabisa. Muuguzi alisema yeye anajifuta jicho kwa sababu ya vumbi. Mwenyekiti alisema analikaribia jibu na anaomba muda zaidi. Alianza kueleza nadharia yake, ambayo ilihusu mtu aliyetengeneza chumba kwa barafu na kitasa kwa sukari.

Katibu alisimama akaunyonga mkono wa nje. Mlango ulifunguka.

KUMB. NA. 6: KUPOKEA JIBU RASMI

6.1 Mhazini alitoka na kigoda, utando wa buibui ukiwa kichwani. Wajumbe walisimama na kumpigia makofi. Mwenyekiti alisema kwa niaba ya Chama kwamba hili ni fumbo bora kuliko yote yaliyowahi kutungwa, na kwamba Chama kiliwahi kumdharau Mhazini na sasa kinaona aibu. Mhazini alisema, “Nilikuwa nimefungiwa kweli, jamani.” Mwenyekiti alicheka, akamwambia fumbo limekwisha, anaweza kuacha kuigiza.

Mhazini alimpa Shangazi kigoda. Shangazi alikikalia, akasema ni kizuri lakini debe lilikuwa na joto.

6.2 Kabla ya jambo jingine lolote, Mhazini alichukua zana zake mezani, akapiga magoti mlangoni, akafunga mkono mpya wa ndani. Kinyozi alimshikia taa. Kazi yote ilikwisha kabla chai haijapoa, na Katibu anaandika hilo bila kulitolea maoni, ingawa maoni yapo. Katibu alitakiwa kujaribu. Aliingia stoo, akafunga mlango, akafungua, akatoka. Mwenyekiti alitaka kujaribu pia, shangazi yake akamzuia.

6.3 Mwenyekiti alimtaka mtungaji atoe jibu rasmi ili liingizwe katika kumbukumbu.

Mhazini alisema hana jibu aliloliandaa. Alijikuna shingo. Alisema yeye si mtu wa maneno, ndiyo maana mafumbo yake huwa mepesi. Kisha akamgeukia Katibu, bila kupitia kwa Mwenyekiti, na Mwenyekiti kwa mara ya kwanza hakumkumbusha.

Alisema: “Jibu ni hivi. Mtu huyo aliambiwa na mke wake, akapuuza. Mke akafungiwa, akamcheka. Kisha akaja kumfanya kichekesho mbele za watu. Huyo mtu ni mpumbavu. Mke alikuwa na haki tangu mwanzo, na yule bibi harusi nitamfuata mwenyewe kwa miguu yangu nimwombe radhi. Usiende, mama watoto. Naomba usiende.”

Muuguzi alisema vumbi limezidi.

6.4 Kinyozi alipinga jibu hilo. Alisema halitokani na fumbo: baada ya palizi palibaki giza, kitasa na zana, hakuna mahali palipobaki mke. Mke aling'olewa kihalali, kwa kura, na jibu haliwezi kusimama juu ya gugu. Mwenyekiti alikubaliana na hoja hiyo, akasema kwa masikitiko kwamba fumbo lililoanza vizuri vile limeharibiwa na jibu lisilo na mantiki. Alipendekeza barafu na sukari. Kinyozi alipendekeza mapacha.

Jibu la Mhazini lilipigiwa kura. Waliolikubali: Mhazini na Muuguzi. Waliolikataa: Mwenyekiti na Kinyozi. Katibu huandika kura, hapigi. Shangazi alinyoosha mikono yote miwili kulikubali, haikuhesabiwa. Kwa kuwa kura zilifungana, Mwenyekiti alitumia kura yake ya turufu, na jibu la Mhazini lilikataliwa.

Kikao kiliamua kwamba jibu sahihi la fumbo liandikwe kuwa ni mapacha.

6.5 Kumbukumbu za Chama hiki huandikwa na Katibu. Katibu ameandika jibu la Mhazini.

KUMB. NA. 7: KUFUNGA KIKAO

Ajenda ya kumpata Kaimu Katibu iliondolewa na Katibu mwenyewe, na hakuna aliyeuliza sababu isipokuwa Kinyozi. Kikao kilifungwa saa moja kasoro robo jioni. Wajumbe walitawanyika isipokuwa Shangazi, aliyesema chai yake ya pili haijaletwa.

Saini ya Mwenyekiti: ........................
(anatia saini huku akilipinga jibu katika kifungu cha 6.5)

Saini ya Katibu: ........................
(amelisoma pingamizi la Mwenyekiti, akaling'oa)